SOMO LA KUKU: KWA NINI MAYAI MENGINE HAYATOI VIFARANGA KATIKA MASHINE

Mkulima ameweka mayai 60 katika mashine ya kuangulia. Siku ya 21 imefika, na vifaranga ni 36 tu. Neno la kwanza atakalosema ni kwamba mashine ni mbovu, na wako waliokwisha kuuza mashine zao kwa hasara kwa neno hilo hilo. Pengine mashine haina kosa lo lote. Yale mayai 24 yaliyokataa yanayo habari ya mahali kosa lilipo, lakini mwenyewe ameyatupa shimoni bila kuyatazama hata moja. Somo la mwezi huu ni la kuyasoma mayai hayo, ili mkulima wa skimu ajue fedha yake imepotelea wapi kabla ya kununua mayai mengine ya mbegu.

Kuku wetu wa kienyeji huatamia mayai 10 mpaka 14, na hufanya kazi hiyo bila kufundishwa. Lakini kuku wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa kituo cha KALRO cha Naivasha, wamechaguliwa kwa kutaga mayai mengi, na aghalabu mtetea wa namna hiyo hapendi kuatamia. Kwa mtu anayewafuga, mashine si anasa. Wala si jambo geni duniani: Wamisri walikuwa wakiangua mayai katika majoko ya udongo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, bila stima na bila kipimajoto.

Kwanza tafuta daftari. Sisi makarani hulaumiwa kwa kupenda madaftari, lakini daftari ni la shilingi chache na mayai 60 ya mbegu si ya shilingi chache. Andika tarehe ya kuweka mayai, na joto asubuhi, mchana na jioni. Siku ya 7 na siku ya 14, usiku, zima taa ya chumba na upime kila yai kwa mwanga wa tochi ukilishika kwa ncha pana. Yai lenye uhai siku ya 7 huonyesha doa jeusi lenye mishipa myembamba ya damu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Yai linalopitisha mwanga mweupe kama yai la kula halina kitu. Yai lenye duara jekundu la damu lilianza, kisha likafa.

Tuseme daftari la mkulima wetu linasema hivi: siku ya 7, mayai meupe 9 na ya duara la damu 3; siku ya 14, yaliyokufa 2; mwisho, mayai 10 ambayo hayakufunguka. Jumla 24. Sasa tazama hesabu. Ukigawanya 36 kwa 60 unapata 60 katika kila mia. Lakini yale 9 meupe, kama hayakuwa na mbegu ya jogoo, hakuna mashine duniani ambayo ingeyaangua. Yatoe. Yamebaki 51, na 36 katika 51 ni karibu 71 katika kila mia. Hiyo ndiyo kazi ya mashine na ya mwenye mashine. Haya, tuyatazame mafungu hayo moja moja.

Mayai meupe 9. Vunja kila moja katika sahani. Juu ya kiini utaona doa dogo jeupe. Likiwa dogo sana na limekaza, jogoo hakufika hapo. Likiwa pana, lenye duara hafifu, mbegu ilikuwamo nayo ikafa mapema, wala usimlaumu jogoo. Jogoo mmoja huwatosha mitetea 8 mpaka 10. Akizeeka, akiwa na ukurutu miguuni au akipigwa na jogoo mwingine, mayai meupe huongezeka. Tena mayai ya kuku wa kutaga wanaofugwa bila jogoo, yale ya trei za dukani, hayafai kuwekwa hata yakiwa mazuri namna gani.

Mayai ya duara la damu 3. Hawa walikufa katika siku za kwanza, na mara nyingi kosa lilitendeka kabla yai halijaingia katika mashine. Yai la mbegu lisikae zaidi ya siku 7. Liwekwe mahali pa baridi kiasi, ncha pana ikiwa juu. Usilioshe, maana maji hufungua njia ya uchafu kupita vitundu vya ganda. Yai chafu liache jikoni. Mayai yaliyosafiri kwa bodaboda yapumzike tangu jioni mpaka asubuhi kabla ya kuwekwa.

Ikiwa mayai hayakuwa ya zamani, basi shuku joto. Mashine yenye feni hutaka digrii 37.5 za Sentigredi. Mashine isiyo na feni hutaka digrii 38.3 mpaka 38.9, zipimwe usawa wa mgongo wa mayai, kwa sababu hewa ya juu ni moto kuliko ya chini. Lakini kipimajoto chenyewe kina ukweli? Tia maji ya vuguvugu katika kikombe, weka humo kipimajoto cha mashine pamoja na kile cha kupima homa, uone kama vinapatana. Fanya hivi kabla ya kila duru, na uiwashe mashine tupu siku 2 nzima kwanza. Joto likizidi ni baya kuliko likipungua: digrii 36 kwa saa chache huchelewesha vifaranga, bali digrii 41 kwa muda huo huo huweza kuwaua.

Stima ikipotea, usifungue mfuniko kutazama. Funika mashine kwa blanketi, ila acha matundu ya hewa wazi, na ukiweza weka chupa za maji ya moto pembeni, nje ya mashine. Baada ya siku ya 14 vifaranga ndani ya mayai hutoa joto lao wenyewe, na wakati huo kukosa hewa ndiyo hatari iliyo kubwa.

Waliokufa kati ya siku ya 7 na ya 14 ni 2, nao si wengi. Wakiwa wengi, shuku chakula cha kuku wazazi. Mitetea wanaolishwa mahindi matupu hutaga yai lisilo na vitamini za kutosha kumkuza kifaranga. Wape majani mabichi na chakula kamili cha kuku wazazi majuma kadhaa kabla ya kukusanya mayai.

Sasa yale mayai 10 ya mwisho, na hapa ndipo hasara ilipo kubwa. Vunja ganda upande wa ncha pana uone. Kifaranga aliyeumbika kamili akiwa amekauka na kushikamana na utando, hewa ilikuwa kavu, au mtu alifungua mashine vifaranga wa kwanza walipoanza kulia. Akiwa amelowa na kuvimba, na mfuko wa hewa ni mdogo, maji yalizidi. Akiwa amegeuka kichwa upande wa ncha nyembamba, uangalie kama mayai yaliwekwa ncha hiyo juu, na kama yaligeuzwa ipasavyo. Yageuzwe mara 3 au 5 kwa siku mpaka siku ya 18. Hesabu isiyogawanyika kwa mbili ina maana yake: usiku ni mrefu, na upande ule ule usiwe chini kila usiku. Tia alama ya X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli. Hata mashine inayogeuza yenyewe uitazame, kwani trei yaweza kukwama bila kelele.

Unyevu wa hewa uwe 50 mpaka 55 katika mia hadi siku ya 18, kisha upandishe mpaka 65 au 70, acha kugeuza, na usifungue tena. Vifaranga waliotoka waweza kukaa ndani siku moja bila chakula, kwa kuwa mabaki ya kiini yamo tumboni mwao.

Wakulima wa Ol Kalou na Kinangop wana jambo moja zaidi. Mashamba yao yako zaidi ya meta 2,300 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na maji hutoka upesi katika yai. Usizibe matundu ya hewa kwa kuogopa baridi ya usiku. Afadhali uiweke mashine katika chumba cha ndani kisicho na moshi, mbali na dirisha. Na mayai ya mbegu nunua kwa jirani ambaye kuku wake wamezoea mlima, kwa maana mayai yaliyotoka nchi za chini mara nyingi huangua vibaya huko juu.

Siku nayo yasema. Vifaranga wakitoka siku ya 19 au 20, vitovu havijafunga, joto lilizidi. Wakitoka siku ya 22 au 23, wamelegea, joto lilipungua.

Ukimaliza kuandika, chimba shimo uyafukie maganda na mayai yote uliyoyavunja, wala usiwape mbwa. Osha mashine kwa maji na sabuni, kisha kwa dawa ya kuua vijidudu, uianike mpaka ikauke kabisa. Kama vifaranga wanaharisha kinyesi cheupe na kufa katika juma la kwanza, usiweke mayai mengine ya kuku wale wale. Ugonjwa huo waweza kupita ndani ya yai kutoka kwa mama. Mwite afisa wa mifugo wa wadi yako, umwonyeshe na daftari.