TETEKUWANGA: DALILI ZA UGONJWA NA MIPAKA YA MAANA

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano wa dalili za tetekuwanga na msamiati unaoizunguka. Hoja inayotetewa ni kwamba jina lenye utata laweza kumpeleka mgonjwa kwenye tiba isiyo yake.

2.0 Dalili

Tetekuwanga husababishwa na virusi. Vipele hujitokeza siku 10 hadi 21 baada ya maambukizo. Huanza kama vidoa, huwa malengelenge ya majimaji, kisha hukauka na kuwa magaga. Kwa kuwa huzuka kwa awamu, hasa kiwiliwilini na usoni, hatua zote tatu huonekana kwa pamoja. Ndui ilikuwa tofauti: vipele vya sehemu moja ya mwili vilikuwa katika hatua moja, navyo vilikithiri usoni, mikononi na miguuni. Mtoto mwenye afya njema kwa kawaida hupona tetekuwanga bila dawa maalumu, lakini huambukiza wenzake tangu siku 1 au 2 kabla ya vipele hadi vyote vikauke. Hapaswi kupewa aspirini.

3.0 Mipaka ya Maana

(a) Upele na vipele. Neno upele hutaja pia ugonjwa maalumu wa ngozi uletwao na vijidudu vinavyochimba ngozi, ambao hauishi bila dawa. Vipele, umbo la udogishi, hutaja alama tu. Mzazi asemaye "mtoto ana upele" aweza basi kueleweka kwa namna mbili.

(b) Tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Majina haya hayana mzizi wa pamoja, ilhali virusi ni vile vile: hubaki katika neva baada ya mtoto kupona, na huweza kuamka ukubwani. Hapa leksikoni inaficha uhusiano uliopo.

(c) Ndui na mpox. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, lakini neno limebaki. Virusi vya mpox, ugonjwa uliogunduliwa kwa binadamu nchini Kongo mwaka 1970, ni jamaa wa vile vya ndui, si vya tetekuwanga. Hata hivyo vipele vyake hufananishwa mara nyingi na tetekuwanga. Jina homa ya nyani linataja homa na kunyamazia vipele, yaani dalili ile ile inayohitaji kupambanuliwa.

4.0 Hitimisho

Kamusi inayofasili tetekuwanga kuwa "ugonjwa wa vipele" haijafasili kitu. Fasili inayofaa itaje malengelenge, mzuko wa awamu na kupona kwenyewe, kisha imwelekeze msomaji kwenye mkanda wa jeshi.