Namna ya kuandika ombi fupi la feza za uchunguzi

Ndugu na dada wa koperative, wengi wenu wanatuuliza namna ya kuomba feza kwa fondasio, ni kusema shirika lenye kutoa misaada. Tuanze na jambo moja: ombi la uchunguzi si ombi la depo. Anayeomba depo anasema "tunakosa kitu". Anayeomba uchunguzi anasema "kuna jambo hatujui, na tukilijua tutalima au tutauza vizuri zaidi". Maombi mengi tunayosoma yanachanganya hayo mawili: depo, pikipiki, semina, na kule chini mstari mmoja tu wa uchunguzi. Hayo yanaanguka.

Tuchukue mfano wa maharagi. Kwetu Kivu, tukivuna sezoni B mwezi wa 6, bei iko chini. Lakini wengi wanauza tu, juu wanaogopa vidudu. Mwezi wa 9 wanarudi sokoni kununua mbegu kwa bei ya juu, pengine maharagi yaleyale yenye walilima wao wenyewe. Siku hizi kuna magunia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Ukiyafunga vizuri hewa haipiti, vidudu vinakufa kwa kukosa pumzi. Ila yanauzwa bei kali kuliko gunia la kawaida. Na mama zetu wana majivu. Basi swali lenu ni hili: kati ya gunia la kawaida, la majivu na la kufunga hewa, ni lipi linalinda maharagi miezi 4, na je, faida inarudisha bei ya gunia?

Swali ni moja. Msiongeze la mbolea.

Kisha mueleze mtakavyofanya. Jamaa 10, kila moja magunia 3, kilo 20 kwa kila gunia. Maharagi yawe ya aina moja, yaingizwe siku moja, yawekwe nyumba moja, na majivu yapimwe kwa kopo moja kwa wote. Siku ya kwanza chukueni maharagi ya juu, ya katikati na ya chini, mchanganye, mhesabu 100, mwandike ngapi yana tundu. Siku ya mwisho fanyeni vilevile, halafu mpime kilo. Katikati msifungue, sababu kila mara gunia la hewa linafunguliwa, vidudu vinapata pumzi tena.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa ofisi wanasahau. Gunia la kawaida linaweza kuliwa na vidudu, na ndiyo sababu tunaliweka, tupate kulinganisha. Lakini kilo 20 zile ni chakula cha nani? Andikeni katika bajeti kwamba maharagi yote, kilo 600, yatanunuliwa na mradi, na yatakayobaki ni ya jamaa iliyoyatunza. Mama asilipe uchunguzi kwa sahani ya watoto wake. Na kama njaa imebisha hodi akafungua gunia mbele ya wakati, asitozwe kitu. Andikeni tu tarehe. Ndiyo maana tunachukua jamaa 10, si 3.

Bajeti iliyobaki ni fupi: magunia 30, mizani, madaftari, safari 2 za agronoma, mkutano wa kusoma matokeo. Kila namba ionyeshe imetoka wapi: kilo ngapi, mara bei gani, soko gani, wiki gani. Mstari wa "mengineyo" unaleta mashaka.

Msiahidi jibu. Mkiandika kwamba gunia la hewa hakika litashinda, msomaji atauliza mnachunguza nini basi. Pengine majivu yatatosha, na hilo pia ni jibu lenye faida kwa mtu asiye na feza ya gunia.

Andikeni kwanza kwa Kiswahili, katika mkutano, kurasa 2 tu. Mwenye kujua Kifaransa atafsiri, halafu asomee wamemba kwa Kiswahili kile alichoandika, mbele ya prezida kutia sahihi. Tumekwisha kuona koperative ikitia sahihi ahadi ambayo hakuna memba aliyeisikia.

Mwisho, hesabuni miezi kwa kurudi nyuma. Maharagi yanavunwa mwezi wa 6, na jibu la fondasio linaweza kuchukua miezi mingi. Pelekeni ombi mwezi wa 11 au wa 12. Feza zikifika mwezi wa 8, maharagi yamekwisha kuuzwa, na mtangoja sezoni nyingine.