Kikoba Kisife kwa Minong'ono: Vidokezo 8 kwa Mwenyekiti

Ukiona wanachama waliokuwa wakinunua hisa tano kila wiki sasa wananunua moja, tena kwa kujivuta, usikimbilie kusema maisha yamekuwa magumu. Huenda ni magumu kweli. Lakini huenda pia kuna mtu kanong'ona sokoni kwamba "hela za kikundi hazieleweki", na maneno yakatembea. Hapo hata kama haijaibwa shilingi moja, kikundi kimeshaanza kuumia. Hisa zikipungua, hela ya kukopeshana inapungua, na faida ya kugawana inakonda. Mwenye dharura anaishia kwa wakopeshaji wa kausha damu. Mwenye deni naye anajiuliza: nirejeshe mimi nani, wakati wenzangu wamekaa kimya?

Habari njema ni kwamba dawa yake haihitaji semina wala posho ya mkufunzi. Anza kikao kijacho tu.

1. Kufuli tatu, nyumba tatu

Mbinu ya kuweka na kukopa kwa boksi ilianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipokuwa likifanya kazi na wanawake wa vijijini. Ukiitazama vizuri utagundua kwamba walioibuni hawakumtegemea mtu mwema hata mmoja! Boksi lina kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu wasio viongozi, na boksi lenyewe analala nalo mtu wa nne. Wa kuhesabu fedha ni wawili. Basi kama kwenu funguo zote zimening'inia shingoni mwa mweka hazina kwa sababu "yule ni mtu wa dini", mnamwonea bure. Siku ikipungua elfu kumi, wa kushukiwa ni yeye peke yake. Zigaweni.

Na kama mnaweka hela kwenye simu? Zisikae kwenye laini ya mtu binafsi, hata awe dada yako wa tumbo moja. Kwa Tanzania ziko huduma za vikundi, kama M-Koba ya Vodacom, ambako mtu mmoja hawezi kutoa hela bila wenzake kuidhinisha.

2. Salio liwe mdomoni mwa kila mtu

Mwisho wa kikao, katibu asome salio kwa sauti: mfuko wa mikopo umebaki kiasi gani, mfuko wa jamii kiasi gani. Wote warudie, kama watoto wa chekechea, hakuna aibu. Kikao kinachofuata, kabla boksi halijafunguliwa, mnyooshee kidole yeyote (anayechati chini ya meza anafaa sana) ataje salio. Ndipo mfungue na kuhesabu. Kazi ya dakika mbili, na hata bibi asiyejua kusoma anatoka anajua hela yake ilipo.

3. Faini ya kwanza iwe yako

Umechelewa kwa sababu ya foleni? Lipa. Usieleze foleni ilivyokuwa ndefu. Lipa, kaa, endelea na ajenda.

4. Mkopo wa shemeji? Toka nje

Ndugu yako akiomba mkopo, tangaza undugu wenu, mwachie makamu kiti, kisha nenda kapunge upepo mpaka wamalize. Katibu aandike kwamba hukuwepo. Shemeji anaweza kununa, na ni haki yake. Ukomo wa kukopa nao ujulikane na wote. Vikundi vingi huruhusu hadi mara tatu ya akiba ya mtu, na mara tatu ya shemeji isigeuke kuwa tano.

5. Anayeuliza si mchawi

Hapa ndipo viongozi wengi wazuri wanapojikwaa. Mwanachama anasema, "Naomba kuona daftari," na mwenyekiti anafura: "Ina maana huniamini?" Basi, kwisha. Kuanzia siku hiyo hakuna atakayeuliza kikaoni. Watauliza saluni, watauliza kwenye bodaboda, watafungua grupu la pili la WhatsApp lenye watu wote isipokuwa wewe. Na huko hakuna daftari la kuwajibu, kuna makisio tu.

Fanya maswali yawe sehemu ya ajenda. Kabla ya kufunga, weka kipengele cha "maswali ya daftari", na wewe ndiye uanze: "Katibu, hebu tusomee deni langu limefika wapi." Ukishasomewa deni lako hadharani, mama wa mwisho kule nyuma naye atapata ujasiri. Jibu kwa ukurasa: fungua, onyesha tarehe, onyesha sahihi. Huna jibu? Sema huna, katibu aandike swali, na kikao kijacho lirudi na majibu.

Grupu lenu kubwa nalo lina kazi moja nzuri sana: jioni ile ile ya kikao, piga picha ukurasa wa mahesabu, tuma. Mabishano ya hela yasifanyike humo. Maandishi ya saa sita usiku hayana sura wala sauti, na "sawa" ya mtu aliyechoka husomeka kama tusi.

6. Hela zikipungua kweli

Inatokea. Chenji inakosewa, noti mbili zinashikana, tarakimu inaandikwa vibaya. Usitie kutoka mfukoni kimyakimya ili mambo yaishe. Likijulikana baadaye, wema wako utaonekana kama ushahidi. Simamisha kikao. Watu wawili wengine, si wale wahesabu wa kawaida, wahesabu upya mbele ya wote. Linganisha daftari kuu na vitabu vya wanachama, mstari kwa mstari. Pengo mara nyingi hujificha hapo. Lisipopatikana, andikeni kiasi, tarehe na waliokuwepo, kisha fuateni katiba inavyosema kuhusu nani anafidia. Habari za kwenda kwa mganga wa kupiga ramli ziacheni nje: atakachowaletea ni jina la jirani, na hela bado haipo.

7. Sheria zisikae kichwani mwako

Katiba iandikwe, kila mtu aisikie ikisomwa, kisha mkasajili. Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne, na usajili uko halmashauri. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

8. Mgao mchana kweupe

Siku ya kuvunja, andika hesabu kwenye karatasi kubwa ukutani. Tuseme hisa moja ni 5,000 na mwaka mzima mmenunua hisa 1,500: hiyo ni 7,500,000. Boksini, mikopo yote ikiwa imerudi, kuna 9,000,000. Gawa kwa 1,500, kila hisa inarudi na 6,000. Mwenye hisa 100 anapiga hesabu mwenyewe kwa simu yake: 600,000. Hana haja ya kumtazama mwenzake bahasha yake ina unene gani. Mikopo yote irudi kabla ya siku hiyo, na anayedaiwa akatwe kwenye hisa zake kama mlivyokubaliana, hata akiwa wewe.

Halafu, kabla watu hawajatawanyika, pigeni kura ya siri ya viongozi wa mzunguko mpya. Ukichaguliwa tena, hongera. Ukikosa, kabidhi madaftari hapo hapo mbele ya wote, msaini, kisha wiki ijayo ukakae mstari wa nyuma na hela ya hisa zako tano mkononi.