Je, mshubiri hauhitaji jua?

*Nina mishubiri na mnyaa niliyoitoa porini nikaipanda kwenye makopo sebuleni. Naimwagilia kila jioni, lakini mishubiri inalainika na kuoza shinani. Jirani anasema mimea hii hufanya kazi usiku, haihitaji jua. Ni kweli?*
*Msomaji, Dodoma*

Jibu: Usihofu, mishubiri yako bado inaweza kupona. Jirani amepatia nusu. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta kabonidayoksaidi, na hapo hupoteza maji mengi. Mshubiri hufungua vyake usiku penye ubaridi, ukaihifadhi hewa hiyo kama asidi ya maliki. Kukicha huvifunga, kisha hutumia mwanga wa jua kugeuza akiba hiyo kuwa sukari. Bila jua, akiba haiufai kitu.

Mnyaa una njia zote mbili: vijani vyake vidogo, vinavyopukutika upesi, huvuta hewa mchana kama maharage, vijiti vyake vya kijani huvuta usiku.

Kwa kuwa mshubiri hupoteza maji kidogo, kuumwagilia kila siku huozesha mizizi. Ung'oe, kata palipooza, acha kidonda kikauke siku kadhaa, kisha upande kwenye udongo wenye mchanga mwingi, katika kopo lililotobolewa chini. Uzoeshe jua taratibu, na mwagilia udongo ukikauka kabisa.

Uozo ukiendelea kupanda, muone afisa ugani. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na uende hospitali mara moja.