Mafuta Yanayonukia

Katika Kiswahili kibaya hunuka, kizuri hunukia. Irabu moja tu! Niliisahau siku Dani (ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu Dunga) aliporudi kutoka soko la Kibuye, Kisumu, alikoenda kuuza omena. Alikuwa na kichupa cha mafuta ya upako. Nikasema, "Dani, yananuka sana." Wacha anikemee!

Kichupa kile aliuziwa na mhubiri mmoja kwa pesa zote za omena. Kilinukia waridi. Lakini Dani aliacha tembe zake za shinikizo la damu, akawa anajipaka tu usoni asubuhi na jioni. Siku ya tisa kichwa kilimwuma hata akashindwa kuamka. Tukamkimbiza zahanati, akatibiwa. Aliporudi nyumbani akaomba aitiwe padri.

Padri alimpaka mafuta kwenye paji la uso na viganja. Dani akavuta pumzi, akauliza, "Padri, mbona haya yako hayanukii?"

Swali hilo lilinipeleka kwa katekista wetu. Tulianza na Kutoka 30. Musa aliagizwa achanganye mafuta ya zeituni na manemane shekeli 500, kida 500, mdalasini 250 na kane 250. Shekeli 500 ni karibu kilo 6, si mchezo! Yalipakwa hema, sanduku la agano, Haruni na wanawe. Kisha likaja katazo: yeyote atakayeuiga mchanganyiko ule atengwe na watu wake. Hapo nikaelewa. Harufu ile ilikuwa alama ya kilichowekwa wakfu kwa Mungu. Kama ingeuzwa sokoni, ingekuwa marashi tu.

Katika Juma Kuu, Askofu hubariki mafuta ya aina tatu, na hata Jimbo Kuu la Kisumu hufanya hivyo. Mafuta ya wakatekumeni na ya wagonjwa hayatiwi manukato. Krisma pekee ndiyo hutiwa balsamu. Hupakwa aliyebatizwa, anayepewa kipaimara, viganja vya padri mpya, hata altare. Na sisi wa chama cha Kiswahili tutazame neno lenyewe: Krisma na Kristo ni ndugu, yote ya Kiyunani, Masihi asili yake ni Kiebrania. Kristo na Masihi maana yake ni mpakwa mafuta. Basi apakwaye Krisma hunukia jina hilo.

Ya wagonjwa je? Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliruhusu mafuta ya mimea mingine pale zeituni inapokosekana, kwa hiyo hata simsim yetu ingefaa. Yakobo 5:14 inataja wazee wa kanisa, sala na mafuta. Bei haimo. Katekista akanikumbusha Msamaria mwema: alitia majeraha mafuta na divai, na bado akalipa dinari mbili mgonjwa atunzwe.

Nilimweleza Dani yote hayo jioni, tukiwa jikoni.

"Kwa hivyo yangu ni marashi?"

"Ni marashi, Dani."

Akanyamaza kitambo, kisha akaniagiza maji ya kumezea tembe. Kichupa kingali dirishani. Jumapili hujipaka kidogo shingoni kabla ya kwenda Misa, na kwa kweli, ananukia.