Somo la Sita: Kompyuta Iliyochoshwa – Kuitambua, Kuitengeneza na Kulinda Haki ya Mlaji

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kueleza kwa nini matumizi mazito na kasi iliyoongezwa huharibu kompyuta;
(b) kutambua dalili za uharibifu kabla ya kumwendea fundi;
(c) kufuatilia hatua za matengenezo na kujua ipi aifanye mwenyewe na ipi amwachie fundi;
(d) kuamua kwa hesabu kama atengeneze au anunue nyingine, na
(e) kudai haki yake pale matengenezo yasipokuwa na ubora unaostahili.

1. Umuhimu wa somo

Katika miji midogo ya Wilaya ya Kilosa, kompyuta moja hubebeshwa mzigo ambao kwingineko ungegawanywa kwa mashine tatu. Kompyuta ya duka la uchapaji kando ya barabara kuu pale Mikumi huweza kuandika barua za maombi ya kazi asubuhi, kuchapa mitihani ya shule mchana, na kuhariri video za harusi usiku kucha. Mashine hiyo inapozimika, kinachopotea si chuma na plastiki pekee. Hupotea pia kipato cha familia, kazi za wateja ambazo zimekwisha kulipiwa, na pengine kumbukumbu za miaka mingi.

Aidha, vipuri vingi hufuatwa Morogoro au Dar es Salaam. Kutoka Mikumi hadi Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 100. Hivyo basi, kipuri kilichonunuliwa kwa kubahatisha humgharimu mlaji mara mbili: bei ya kipuri kisichohitajika, na nauli ya kufuata kile kinachohitajika kweli. Utambuzi sahihi wa tatizo ndio akiba ya kwanza.

2. Kasi, umeme na joto

Kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa kasi na kiwango cha umeme. Baadhi ya watumiaji, hasa wahariri wa video na wapenzi wa michezo ya kompyuta, huipandisha kasi hiyo kupita kiwango cha kiwanda. Mafundi huliita jambo hili ovakloki. Ili prosesa ihimili kasi mpya, mara nyingi volti zake nazo huongezwa, na hapo ndipo madhara huanzia.

Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda kwa uwiano wa kasi, lakini hupanda kwa *kipeo cha pili* cha volti. Tuchukue mfano: kasi imeongezwa kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10. Hesabu yake ni 1.2 × 1.1 × 1.1, yaani takriban 1.45. Mtumiaji amepata kasi ya ziada ya asilimia 20, lakini prosesa inatumia umeme zaidi kwa asilimia 45, na umeme huo wote hugeuka joto. Feni na bati la kupoozea vilivyotengenezwa kwa mzigo wa kwanza havitoshi tena.

Joto hilo huathiri sehemu nyingine pia. Kapasita zenye kimiminika, zilizomo ndani ya pawasaplai na kwenye madabodi nyingi, huzeeka kwa kanuni inayojulikana na wahandisi: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Sentigredi, maisha ya kapasita hupungua kwa takriban nusu. Kapasita iliyopimwa kudumu saa 2,000 katika nyuzi 105 itatarajiwa kudumu saa 8,000 katika nyuzi 85, na saa 16,000 katika nyuzi 75. Kwa duka linalofanya kazi saa 12 kwa siku, tofauti hiyo ya nyuzi 10 ni tofauti kati ya miezi 22 na miezi 44. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo ina hesabu yake.

Prosesa yenyewe nayo huchakaa. Volti ikizidi kwa muda mrefu, njia ndogo mno za umeme zilizomo ndani yake hudhoofika, na prosesa hushindwa kuhimili hata kasi yake ya awali. Uchakavu huu hautengenezeki. Jambo hili halikuwapata wapandisha kasi peke yao: mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kompyuta za mezani, za kizazi cha 13 na cha 14, zilikuwa zikipewa volti zilizozidi na kuharibika, ikaongeza dhamana yake kwa miaka miwili.

3. Mazingira yetu

Mlaji wa Kilosa na Mikumi anapaswa kuzingatia mambo matatu zaidi.

*Kwanza, joto la hewa.* Feni haiwezi kuipoza kompyuta ikawa baridi kuliko chumba ilichomo. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari, katika miezi ya joto kabla ya masika, huipunguzia kompyuta nafasi ya kupumua hata kabla haijaanza kazi.

*Pili, vumbi.* Vumbi la barabara na nyuzinyuzi nyepesi huziba mapengo ya bati la kupoozea na kuwa kama blanketi. Kompyuta iliyowekwa sakafuni karibu na mlango hujaa vumbi upesi kuliko iliyo juu ya meza.

*Tatu, umeme.* Kiwango cha kawaida nchini ni volti 230. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, au radi inapopiga wakati wa masika, pawasaplai ndiyo hupokea pigo la kwanza. Iliyokwisha kuchoshwa na joto haihimili pigo ambalo nzima ingelihimili.

4. Dalili na maana zake

- *Kompyuta inapungua kasi baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, kisha inarudia hali yake ikipumzika.* Prosesa inajilinda. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi joto linapofikia kati ya nyuzi 90 na 105. Huenda tatizo ni vumbi au pesti ya kupoozea iliyokauka.
- *Inazimika ghafla bila onyo wakati wa kazi nzito.* Joto limepita kikomo, au pawasaplai imeshindwa mzigo.
- *Inajiwasha upya au inaonesha skrini ya buluu bila mpangilio.* Shuku kasi iliyoongezwa, vibao vya RAM, au pawasaplai.
- *Mistari au vidoadoa vya rangi kwenye skrini.* Kadi ya grafiki au memori yake imedhoofika.
- *Kapasita zimevimba vichwa au zimetoa ute.* Ubao au pawasaplai imeathiriwa na joto au imezeeka.
- *Harufu ya kuungua.* Zima, chomoa waya ukutani, na usiwashe tena kabla ya ukaguzi.

5. Hatua za matengenezo

Hatua hizi zimepangwa kuanzia isiyo na gharama hadi iliyo ghali. Zisirukwe.

*Hatua ya kwanza: okoa kazi zako.* Ikiwa kompyuta bado inawaka, nakili mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje kabla ya jambo lingine lolote.

*Hatua ya pili: rudisha kasi ya kiwanda.* Ingia kwenye mipangilio ya BIOS na uchague mipangilio ya kiwanda. Ikiwa kompyuta haifiki hapo, zima, chomoa waya wa umeme, toa betri ya sarafu ya volti 3 iliyo kwenye madabodi kwa dakika chache, kisha irudishe. Kompyuta nyingi zinazosemekana zimekufa baada ya ovakloki hufufuka kwa hatua hii, ambayo haigharimu chochote.

*Hatua ya tatu: safisha.* Chomoa umeme, peleka kompyuta nje, na upulize vumbi kwa brashi laini na hewa. Zuia feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza, kwani mzunguko wa kasi huweza kuiharibu. Usitumie kitambaa kibichi.

*Hatua ya nne: badilisha pesti ya kupoozea.* Huu ni ute mzito unaopakwa kati ya prosesa na bati la kupoozea. Ule wa zamani hufutwa kwa spiriti safi ya aina ya isopropili, yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Kiasi kipya kisizidi punje moja ya mbaazi. Skrubu za bati zikazwe kwa kupishanisha pembe, kidogo kidogo, ili bati likae sawasawa.

*Hatua ya tano: pima pawasaplai.* Kazi hii ni ya fundi mwenye multimita. Kompyuta ikiwa kazini, waya za volti 12 zinapaswa kusoma kati ya 11.4 na 12.6, na za volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, pawasaplai ibadilishwe. Mlaji asifungue kasha la pawasaplai kamwe. Kapasita zake kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani, na kiasi hicho huweza kuua.

*Hatua ya sita: jaribu vibao vya RAM kimoja kimoja.* Ikiwa kompyuta ni thabiti kwa kibao kimoja na si kwa kingine, mwenye kosa amepatikana.

*Hatua ya saba: prosesa, madabodi na kadi ya grafiki.* Kapasita zilizovimba hubadilishwa na fundi stadi wa kulehemu kwa risasi. Prosesa iliyochakaa hubadilishwa, au hupunguziwa kasi ili imalize maisha yake kwa kazi nyepesi. Jihadhari na fundi anayeichoma kadi ya grafiki kwa hewa moto na kusema imepona: mara nyingi nafuu hiyo hudumu siku au wiki chache tu.

Baada ya kila hatua, kompyuta ifanyishwe kazi nzito kwa muda usiopungua nusu saa huku joto lake likisomwa kwa programu ya vipimo. Kompyuta ya mezani inayobaki chini ya nyuzi 85 imepona kwa kiwango cha kuridhisha.

6. Nitengeneze au ninunue?

Tumia kanuni hii: jumlisha kipuri, ufundi na nauli, kisha linganisha na bei ya kompyuta ya aina hiyo iliyotumika. Tuseme, kwa mfano tu, matengenezo ni shilingi 90,000 na kompyuta kama hiyo inauzwa shilingi 350,000: kutengeneza kuna busara. Jumla ikizidi nusu ya bei hiyo, na mashine ikiwa imeonesha hitilafu katika sehemu zaidi ya moja, fedha hizo ni afadhali ziwe mwanzo wa kununua nyingine.

Vilevile, kabla ya kukubali kuongezewa kasi, fahamu kwamba kompyuta nyingi za ofisini zimefungwa kiwandani zisikubali ovakloki. Kwa kazi za uchapaji, kuongeza RAM na kuweka diski ya SSD huleta wepesi mkubwa zaidi bila joto la kuogopwa.

Kwa anayenunua kadi ya grafiki iliyotumika, tahadhari ni kubwa zaidi. Mwezi Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha mfumo wa uchimbaji kwa kadi hizo, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia katika masoko ya mitumba duniani. Mtake muuzaji aiendeshe kadi kwa mzigo mzito mbele yako kabla hujalipa.

7. Haki na wajibu wa mlaji

Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kumwachia fundi kompyuta, andikianeni: namba ya utambulisho ya mashine, vipuri vilivyomo (ukubwa wa RAM na diski), tatizo lililoelezwa, gharama iliyokubaliwa, na muda wa dhamana ya kazi. Piga picha ya ndani ya mashine. Dai vipuri vya zamani virudishwe, na udai risiti.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, bei au hali ya bidhaa na huduma. Kwa hiyo, kuuziwa kipuri kilichotumika kwa jina la kipya, au kuuziwa kompyuta iliyochoshwa kwa maelezo ya uongo, si bahati mbaya ya kuvumiliwa. Anza kwa kumwandikia mtoa huduma ukimpa nafasi ya kurekebisha. Asipofanya hivyo, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na risiti, makubaliano na picha.

Taarifa zilizo ndani ya diski nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwenye duka anayehifadhi vyeti na picha za wateja ana wajibu wa kuzilinda hata kompyuta inapokuwa kwa fundi: ikiwezekana, atoe diski na kubaki nayo.

Mlaji naye ana wajibu wa kusema kweli. Anayemficha fundi kwamba aliongeza kasi humpotezea muda na hujipotezea fedha.

8. Maswali ya kujipima

1. Kasi imeongezwa kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10. Je, umeme unaotumiwa na prosesa umepanda kwa asilimia ngapi? (Jibu: takriban 33.)
2. Kompyuta ya jirani yako imekataa kuwaka siku moja baada ya kuongezewa kasi. Fundi anasema madabodi ibadilishwe. Ni hatua ipi ya bure utakayoomba ifanyike kwanza?
3. Kwa nini pawasaplai isifunguliwe na mlaji hata kama imechomolewa?
4. Tazama kompyuta unayoitumia leo. Je, imewekwa wapi, matundu yake ya hewa yana hali gani, na nakala ya kazi zako iko wapi? Ikiwa swali la mwisho halina jibu, lifanyie kazi kabla ya kufungua somo linalofuata.