Kumfundisha Mwanafunzi Kupima Habari za Sayansi

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, zilienea katika simu habari kwamba mitambo ya 5G ndiyo iliyoeneza ugonjwa. Huko Uingereza minara kadhaa ya simu ilichomwa moto. Sisi walimu tumezoea kujibu, "Huo ni uongo." Jibu hilo halitoshi, kwani kesho mwanafunzi ataletewa uongo mwingine.

Twapendekeza mwalimu aandike habari hizo ubaoni, kisha aulize:
(a) Nani asema?
(b) Amejuaje?
(c) Kama ingekuwa kweli, tungeona nini?

Kwa swali la tatu wanafunzi watagundua wenyewe kwamba nchi zisizokuwa na 5G zingesalimika, nazo hazikusalimika. Aliyejifunza kupima hivyo ataweza kuwaeleza hata wazee wake nyumbani.